Chuo cha Butiama Kimjue Mkulima wa Nyegina

Sisi wa Nyegina hatuiogopi elimu ya wageni. Misheni ilifunguliwa kwetu mwaka 1911, na hapa ndipo Mwalimu Nyerere alipobatizwa mwaka 1943. Baadaye alikwenda Edinburgh, akapata digrii mwaka 1952, kisha akarudi. Mwaka 1963, akiwa Rais, alitoa kwa Kiswahili mchezo wa Shakespeare wa Julius Caesar. Alikichukua cha wageni, akakileta nyumbani, kikasema lugha yetu. Hayo ndiyo tuyatakayo kwa vyuo vyetu vikuu.

Tarehe 25 Oktoba 1961 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba. Nyumba ilikuwa ya wananchi, lakini digrii zilikuwa za London. Mwaka 1963 tukaungana na ndugu zetu wa Kenya na Uganda katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 tukapata chuo kikuu kilicho chetu wenyewe. Tukadhani safari imekwisha.

Haikwisha. Katika miaka ya 1980, nchi ilipobanwa na madeni, wataalamu wa Benki ya Dunia walisema ya kwamba fedha inayotiwa katika shule za msingi ina faida kubwa kuliko ya chuo kikuu. Vyuo vikakosa vitabu, na walimu wengi wakahama kutafuta mishahara nje. Mwaka 2021 Benki hiyo hiyo ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 425 kwa ajili ya vyuo vikuu vyetu, mradi uitwao HEET. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Nyerere, hapa Butiama, kimo ndani yake. Jana chuo kikuu kilikuwa anasa, leo ni msingi wa uchumi! Sisi hatukubadilika; aliyebadilika ni mwenye fedha.

Hatusemi mkopo ukataliwe. Majengo twayataka, na maabara twazitaka. Lakini deni ni deni, na watakaolilipa ni mvuvi wa ziwani na mkulima wa mihogo. Basi twauliza: maswali ya utafiti yatatoka kwa nani?

Mwalimu wa chuo kikuu hupandishwa cheo kwa makala aliyoyaandika katika majarida, na mengi ya majarida hayo ni ya Kiingereza, huchapwa ng'ambo. Utafiti mwingi hufuata matakwa ya mfadhili. Tena tangu mwaka 2003, ilipotolewa orodha ya Shanghai, vyuo vya dunia nzima hupangwa kwa namba kama farasi wa mashindano. Orodha hizo haziulizi kama mkulima wa Nyegina amepata mbegu ya mihogo isiyoshikwa na batobato.

Watu watatuambia ya kwamba sayansi haina mipaka, na chuo kinachojifungia hufa. Twakubali. Lakini mti huota mizizi mahali pamoja kwanza, ndipo matawi yake yaenee.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, wakulima na wavuvi wa Mara wapewe nafasi ya kueleza shida zao kabla utafiti haujapangwa. Pili, kila utafiti uliofanywa kijijini urudishwe kijijini, usomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa wananchi. Tatu, kazi hiyo ihesabiwe mwalimu anapopandishwa cheo, kama yanavyohesabiwa majarida ya ng'ambo.

Wanachama, yasemeni haya katika mikutano ya matawi yenu, na mbunge akija muulizeni. Chuo kilichopewa jina la Mwalimu kisimjue msomaji wa London kabla ya kumjua jirani yake.