Ukuta wa Kinyozi Kibakwe Nao ni Sanaa, Mlipeni Mchoraji

Staa wa Bongo akienda Ulaya, siku hizi lazima arudi na ile picha: miwani nyeusi, mikono mfukoni, nyuma yake grafiti kubwa ndani ya makumbusho. Sehemu zenyewe zipo kweli. Berlin kuna Urban Nation tangu 2017, Amsterdam kuna STRAAT tangu 2020. Tiketi kalipa, pozi kapiga, likes zinamiminika. Jina la mchoraji? Halipo.

Mtu atasema picha ya staa ni promo tosha. Promo gani isiyo na jina?

Wachoraji wenyewe hili linawauma. Mwaka 2016 mjini Bologna, Italia, waandaaji wa maonesho walibandua michoro ya mtaani kwenye kuta, ikiwemo ya mchoraji anayejiita Blu, bila ridhaa yake, wakaipeleka ndani watu waione kwa tiketi. Blu na washkaji zake wakachukua rangi ya kijivu, wakafuta michoro yake yote iliyobaki mjini hapo. Kazi ya miaka ishirini! Aliona bora ipotee kuliko wengine waivune.

Sasa njoo Kibakwe, wilayani Mpwapwa. Makumbusho hakuna, ila wachoraji wapo. Dogo anachora vichwa vya mitindo ya nywele kwenye ukuta wa kinyozi, kesho anaandika misemo kwenye madigadi ya bodaboda. Akidai chake anaambiwa, "Utanyolewa bure, mwanangu." Halafu mjuaji mmoja anapita na kusema huo ni uhuni wa kuiga Wazungu.

Huyo mjuaji apande gari hadi Kolo, Kondoa, mkoa huohuo wa Dodoma. Miambani kuna michoro ya watu na wanyama, mingi ya rangi nyekundu, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wenyeji mpaka leo wanafanya matambiko kwenye baadhi ya miamba hiyo. Kuchora ukutani hakukuja na ndege.

Majina ya waliochora Kolo yameshapotea, na hakuna wa kumlaumu. Ila jina la dogo wa Kibakwe linapotea huku namba yake ya simu kaiandika mwenyewe pembeni ya mchoro! Hapo wa kulaumiwa wapo.

Dar kuna kundi la grafiti linaitwa Wachata, na jina lenyewe linajieleza: chata ni alama ya mwenye kazi. Basi chata iheshimiwe, iwe Amsterdam au Kibakwe. Ukipiga picha kwenye ukuta wa mtu, uliza kaichora nani, umtagi. Ukimpa kazi, lipa rangi, kisha lipa na mkono ulioishika brashi. Kunyolewa bure hakununui unga.