Nambari Tusiyoisoma

Liko jambo ambalo wengi hudhani ni la mafundi peke yao. Jambo lenyewe ni shoti ya umeme katika mabodi ya mashine, na vyombo vya kutukinga nayo.

Likizo iliyopita nilikuwa kwa mjomba wangu, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Usiku panya walitafuna waya ndani ya bodi. Asubuhi binamu yangu alipowasha meni swichi, palitokea kishindo kama cha bunduki, sakiti breka ikapasuka, na moto ukamrukia mkononi. Yu hai, twamshukuru Mungu, lakini vidole vyake viwili havikunjiki tena. Majirani wote wakasema kwamba breka ile ilikuwa ya bandia.

Mimi niliokota vipande vyake nikavisoma. Paliandikwa C63, na chini yake, ndani ya kisanduku kidogo, 6000. Nambari ya kwanza ni ampea ambazo breka hubeba kila siku bila kukata. Ya pili ni ukubwa wa shoti ambayo breka yaweza kuikata bila kupasuka, yaani ampea 6,000. Dukani sote huuliza ile ya kwanza. Ya pili hakuna aitazamaye.

Hapa Mlali twamwagilia nyanya kwa maji yashukayo kutoka milima ya Uluguru, na kila mkulima ana ubao wake wa kuziba mfereji. Ubao huo ni mzuri kwa mfereji. Lakini autiaye mtoni wakati wa masika, mto utauchukua ubao pamoja na yeye aliyeushika. Ubao hauna kosa. Kosa ni kuupeleka mahali pasipo pake.

Sasa tufanye hesabu. Transfoma ya kilovoltiampea 100, yenye volti 400, hutoa ampea zipatazo 144 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote. Ikiwa ukinzani wake wa ndani ni asilimia 4, twagawanya 144 kwa 0.04, na shoti itokeayo karibu nayo hufika ampea 3,600. Breka ya 6,000 yaweza kuikata. Mashine ya mjomba ilipofungwa, transfoma ya jirani ilikuwa ya 100. Wateja walipoongezeka, pakawekwa ya 315. Hesabu ileile sasa yatoa zaidi ya ampea 11,000. Umeme uliongezeka, watu wakafurahi, lakini bodi ilibaki ile ile ya zamani.

Tena palikuwa na kosa la pili. Mbele ya breka palikuwa na mahali pa fyuzi za kaure zilizojazwa mchanga. Fyuzi hizo hukata shoti kubwa upesi mno, kabla haijafika kilele chake, na zingaliweza kuisaidia breka ile ndogo. Zilipokatika siku moja, fundi wa mtaani alifunga nyuzi za shaba mahali pake, na kazi ikaendelea. Shaba ile haikukatika. Basi mlinzi alikuwa ameondolewa, na langoni pamesimamishwa sanamu yake.

Wako watakaosema kwamba vyombo vyenye nambari kubwa ni ghali. Ni kweli, na wazazi wetu si matajiri. Lakini namwuliza mwenye neno hilo: mkono huuzwa duka gani?

Wengine watasema kwamba breka kubwa moja mbele yatosha. Hapana. Zizi lenye pengo moja si zizi. Bodi nzima huhesabiwa kwa kile chombo chake kilicho dhaifu kuliko vyote, isipokuwa pale ambapo mtengenezaji amevijaribu vyombo hivyo pamoja na kuthibitisha kwamba kimoja humkinga mwenziwe.

Nchi yetu yasonga mbele. Mwaka 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, katika mto Rufiji, ulianza kutoa umeme, na bwawa hilo limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Vijiji vitapata mashine nyingi zaidi, na transfoma kubwa zaidi. Kwa hiyo natoa mashauri matatu. Kwanza, mwenye mashine na aulize ukubwa wa transfoma yake, na aulize tena kila inapobadilishwa. Pili, kazi ya bodi apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, naye aandike mlangoni mwa bodi ukubwa wa shoti alioukadiria. Tatu, waalimu wetu wa fizikia, ambao wametufundisha vema kwamba fyuzi hukatika mkondo ukizidi, watufundishe pia kusoma nambari ya pili.

Wanafunzi wenzangu, likizo ijayo mtakaporudi kwenu, fikeni kwenye mashine ya kijiji. Msiguse kitu. Mwombeni mwenye mashine, kwa adabu, awaonyeshe breka yake, kisha msomeeni kile kisanduku kidogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na binamu yangu angali anajifunza kushika kalamu kwa mkono wa kushoto.