Saa ya GPS: lini uiamini, lini uende kupima

Siku hizi si ajabu kukutana na baba au mama anayekimbia alfajiri kandokando ya barabara ya Mukendo mjini Musoma, au anayepanda njia ya Balili pale Bunda, akasimama ghafla na kuikodolea macho saa yake ya mkononi. Anatikisa kichwa, anabonyeza kitufe, anaendelea. Jana njia ileile ilisoma kilomita 5, leo inasoma 4.7.

Hilo la umbali ni dogo. Kubwa ni kwamba wazazi wengi wameanza kuiuliza saa maswali ya afya: moyo wangu uko sawa? Nile kiasi gani? Sukari yangu imepanda? Baadhi ya maswali hayo saa inayajibu vizuri, mengine inakisia, na moja haliwezi kabisa. Tuyapitie moja baada ya jingine.

Je, ina GPS kweli?

Saa nyingi za bei nafuu zinauzwa kwa jina la GPS, lakini ndani yake hakuna kipokezi cha setelaiti. Zinaazima GPS ya simu yako kwa njia ya Bluetooth. Ukiiacha simu nyumbani, saa inabaki kuhesabu mikono inavyorushwa na kukisia umbali.

Kipimo chake ni rahisi. Zima Bluetooth, acha simu ndani, toka nje, chagua mazoezi ya kukimbia kisha tembea dakika 15. Ukirudi, unganisha simu na ufungue zoezi hilo. Ukiona mstari wa njia uliyopita kwenye ramani, saa ina GPS yake. Usipouona, haina. Fanya jaribio hili kabla ya kulipa, hasa kama unanunua saa ya mkono wa pili.

Kuna jambo jingine kwa wanaonunua saa za zamani. Kihesabu cha wiki cha mfumo wa GPS hurudi sifuri kila baada ya wiki 1,024, na mara ya mwisho ilikuwa tarehe 6 Aprili 2019. Saa ambayo haikupata toleo jipya la programu yake inaweza kuonyesha tarehe iliyorudi nyuma karibu miaka 20. Muulize muuzaji kama saa hiyo bado inapokea matoleo mapya.

Inachelewa kukamata setelaiti

Setelaiti za GPS ziko umbali wa kilomita zipatazo 20,200 juu yetu, na saa inahitaji kuzisikia angalau nne ili ijue ulipo. Ikiwa imekaa siku nyingi bila kutumika, au umesafiri nayo kutoka Dar es Salaam hadi Butiama, inalazimika kutafuta upya mahali setelaiti zilipo, na hilo linaweza kuchukua dakika kadhaa.

Fanya hivi. Usiku, iunganishe saa na simu yenye bando ili ipakue ratiba ya setelaiti. Asubuhi, simama mahali pa wazi, mbali na ukuta, bati na mti mkubwa. Subiri saa ikuambie iko tayari, ndipo ubonyeze kuanza. Wengi wanaanza kukimbia huku saa bado inatafuta, na mita 300 za mwanzo zinapotea au zinachorwa zikipita juu ya mapaa ya watu.

Ikiwa saa yako inakuruhusu kuongeza mifumo mingine, kama Galileo ya Ulaya, GLONASS ya Urusi au BeiDou ya China, iwashe. Inasaidia hasa unapopita katikati ya yale mawe makubwa ya Musoma au chini ya mlima, ambako sehemu ya anga imezibwa. Gharama yake ni chaji kuisha mapema zaidi.

Umbali haulingani

Mawimbi ya setelaiti yakigonga jiwe au ukuta kabla ya kufika mkononi, saa hudhani uko pembeni ya pale ulipo. Kosa la mita chache katika kila nukta hujilimbikiza, na huonekana zaidi unapozunguka uwanja wa shule, kwa kuwa saa hukata kona au huzipanua. Kwa hiyo ukizunguka uwanja mara 10 na saa ya mwenzako ikatofautiana na yako kwa mita 100 au zaidi, hakuna iliyoharibika.

Lakini ukiona unapoteza nusu kilomita kwenye barabara iliyonyooka, fungua mipangilio uangalie kama umewasha hali ya kubana chaji. Katika hali hiyo saa hurekodi mahali ulipo mara chache, na kila njia iliyopinda huwa imenyooshwa. Chagua kurekodi kila sekunde. Kama tatizo linabaki, izime na uiwashe upya, kisha weka toleo jipya la programu. Kufuta kila kitu na kuirudisha ilivyotoka kiwandani kuwe hatua ya mwisho kabisa, baada ya kuhamishia kumbukumbu zako kwenye simu.

Kwa wanaopenda kujua wamepanda mwinuko kiasi gani, wakazi wa Musoma wana bahati ya kuwa na kipimo cha bure. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,135 kutoka usawa wa bahari. Simama ufukweni na uisome saa yako. Ikisema 1,080 au 1,200, irekebishe hapohapo. Saa zinazopima mwinuko kwa mgandamizo wa hewa huwa na kitundu kidogo ubavuni. Jasho na vumbi vikikiziba, namba zinakwenda kombo. Kioshe kwa maji safi, usikichokonoe kwa sindano.

Mapigo ya moyo yanaruka

Taa ya kijani iliyo mgongoni mwa saa humulika ngozi na kusoma damu inavyopita. Saa ikilegea, mwanga wa nje unaingia, na saa inaweza kuanza kuhesabu hatua zako badala ya moyo. Dalili yake ni kuona mapigo 170 wakati unakimbia polepole na kuongea bila shida, na namba hiyo inafanana na hatua unazopiga kwa dakika.

Ivae juu kidogo ya kifundo cha mkono, upana wa kidole kimoja kutoka kwenye mfupa, iwe imekaza bila kubana. Pasha mwili joto dakika tano kabla ya kuanza. Ngozi yenye mchoro wa tatuu husumbua usomaji, kwa hiyo hamishia mkono mwingine. Ukitilia shaka, simama, weka vidole viwili shingoni au kwenye kifundo, hesabu mapigo kwa sekunde 30 kisha zidisha kwa mbili.

Kumbuka pia kwamba saa nyingi hupanga viwango vya mazoezi kwa hesabu ya 220 kutoa umri. Mwenye miaka 40 anapewa kikomo cha 180. Huo ni wastani wa watu wengi, na moyo wako unaweza kutofautiana nao kwa mapigo 10 au 12, juu au chini. Usiogope kwa sababu saa imewaka nyekundu, na usijikaze kwa sababu imebaki kijani. Kipimo cha zamani bado kinafaa: mazoezi ya wastani ni yale unayoweza kuzungumza lakini huwezi kuimba.

Maumivu au uzito kifuani, kizunguzungu, kuzimia, au kukosa pumzi kusikolingana na mwendo, hayo hayahitaji saa. Acha mazoezi na uende hospitali siku hiyohiyo, hata kama kioo kinaonyesha namba nzuri. Mtoto mwenye selimundu naye asisukumwe na namba za saa. Kuchoka kupita kiasi na kukosa maji kunaweza kumletea maumivu makali. Mazoezi yake yapangwe na kliniki anakohudhuria.

Kalori na hatua 10,000

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walizijaribu saa na bangili saba za mazoezi kwa watu 60. Kwa mapigo ya moyo, sita kati ya saba zilikosea kwa chini ya asilimia 5. Kwa kalori, hata iliyofanya vizuri zaidi ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na ya mwisho ilikosea kwa asilimia 93.

Maana yake ni kwamba saa ikikwambia umechoma kalori 400, usiende kuagiza chapati mbili za ziada kwa kuamini umezilipia. Tumia namba hiyo kulinganisha mazoezi ya wiki hii na ya wiki iliyopita, basi.

Hata hatua 10,000 hazikutoka hospitali. Zilitokana na jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima, na wastani wa dakika 60 kwa siku kwa mtoto wa miaka 5 hadi 17. Mama anayetembea kwa haraka dakika 30 kwenda sokoni, siku tano kwa wiki, tayari amefikisha 150 bila kuvaa chochote mkononi.

Sukari: hapa usikubali

Sokoni na mitandaoni zinatangazwa saa zinazodai kupima sukari ya damu bila kuchoma kidole. Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo: haikuwa imeidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari peke yake bila kutoboa ngozi. Ilieleza kwamba mgonjwa akiziamini anaweza kukosea dozi ya insulini au ya dawa nyingine, na sukari ikashuka hadi kiwango cha kuhatarisha maisha.

Hizi si zile saa zinazoonyesha namba kutoka kwenye kidude maalumu kilichochomekwa kwenye ngozi. Hapo anayepima ni kidude, saa inasoma tu. Ninayoizungumzia ni ile inayomulika taa na kukupa namba ya sukari. Kama mzazi wako kijijini ana kisukari na mtoto wa mjini amempelekea zawadi ya namna hiyo, mweleze kwa upole: avae ajue saa na hatua, lakini dawa apange kwa kipimo cha tone la damu.

Presha nayo, endelea kuipima kwa mashine yenye mkanda wa mkononi. Presha ya juu mara nyingi haina dalili, na saa inayosema uko sawa isikufanye uache kwenda kupima wala kuacha vidonge.

Jasho, maji na chaji

Saa isiyoingiza chaji mara nyingi ina uchafu wa jasho kwenye vile vidoti vya chuma mgongoni. Ioshe kwa maji safi, isugue taratibu kwa mswaki laini, ikauke kabisa ndipo uichomeke. Kuichaji ikiwa na maji huozesha vidoti hivyo. Ukipata vipele chini ya mkanda, mara nyingi ni jasho na sabuni vilivyonaswa. Vua saa, osha ngozi, ikauke, kisha badili mkono.

Maandishi ya mita 50 kwenye saa yanahusu mgandamizo wa maji, hayana maana kwamba sabuni na maji ya moto haviiharibu. Ukiogelea ziwani, mawimbi ya setelaiti hayapenyi majini, kwa hiyo umbali utakuwa wa kukisia. Tena kabla ya kufikiria saa, fikiria kichocho, ambacho kipo katika Ziwa Victoria. Aliyezoea kuoga au kucheza ziwani akapime, na dawa ipo.

Mtoto na ramani

Januari 2018 dunia ilishtuka kuona ramani ya mazoezi ya Strava ikionyesha mahali zilipo kambi za kijeshi, kwa sababu askari walikuwa wakikimbia na saa zao. Kama kambi ilionekana, nyumba yako nayo inaweza kuonekana. Binti anayekimbia kila siku saa 12 asubuhi kwa njia ileile, akiweka ramani hadharani, anamweleza kila mtu wapi pa kumsubiri.

Fungua programu ya simu leo, weka mazoezi yote yaonekane na wewe tu au watu unaowajua, na ufiche eneo la kuzunguka nyumba na shule. Kwa saa za watoto zenye laini ya simu, uwe mwangalifu zaidi. Mwaka 2017 Baraza la Walaji la Norway lilionyesha kwamba baadhi yake zingeweza kuingiliwa na mgeni akajua mtoto alipo, na mwaka huohuo Ujerumani ikapiga marufuku zile zinazomwezesha mtu kusikiliza kwa siri. Badili namba ya siri iliyokuja na saa, na kama haibadiliki, usimvalishe mtoto.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, miaka minne kabla setelaiti ya kwanza ya GPS haijarushwa. Saa ni msaidizi mzuri wa kukukumbusha kutoka nje na kukuonyesha ulikotoka. Umbali wake uamini kwa kadiri, mapigo yake yahakiki kwa vidole, kalori zake zichukue kama makisio. Sukari na presha, nenda kapime.