Koloni, Reli na Tofaa: Jibu kwa Wanaodai Kiswahili Hakiwezi Kompyuta

Wapo miongoni mwetu, na tena ni watu waliosoma, wanaoshikilia kwamba Kiswahili ni lugha ya soko la Mpondwe na ya kambi za askari, na kwamba kikifikishwa mbele ya kompyuta hakina budi kupiga magoti. Habari ya kambi tunaijua asili yake hapa Uganda. Wazee wetu walikisikia Kiswahili vinywani mwa watu wenye bunduki katika miaka ya 1970, na chuki ya bunduki ikaihamia lugha. Hilo nalielewa. Nisiloliweza kulivumilia ni ushahidi mpya unaoletwa siku hizi, yaani kwamba wanafunzi wa Kasese na Bwera wanapoelezwa mambo ya kompyuta kwa Kiswahili hutoa majibu ya kuchekesha, na kwa hiyo lugha yenyewe haifai.

Na tuutazame ushahidi huo. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliulizwa ataje sehemu nne za kompyuta. Akajibu: Dell, HP, Toshiba na Intel. Chumba cha walimu kikavunjika kwa kicheko. Lakini kijana huyo alikosea nini hasa? Aliyasoma maneno aliyoyaona yamebandikwa juu ya mashine, wala hapakuwa na neno jingine lililoandikwa hapo. Kadhalika mzee mmoja wa huku kwetu, mwenye mashine ya kusaga mahindi, alipoambiwa kuwa shule imeletewa kompyuta za HP, aliuliza ni HP ngapi, kwa maana ile yake ya kusagia ina ishirini. Mzee alikuwa na haki ya kuuliza. Herufi hizo kwenye injini yake ni nguvu za farasi; kwenye kompyuta ni majina ya mabwana wawili wa Marekani, Hewlett na Packard, walioanzisha kampuni yao mwaka 1939. Herufi ni zile zile, na Kiswahili hakikuzitunga.

Kuigeuza chapa kuwa jina la kitu si ugonjwa wa Waswahili. Waingereza hufagia nyumba zao kwa Hoover hata kama mashine imetengenezwa na kampuni nyingine kabisa. Sisi nasi huenda dukani tukaomba Colgate ya aina yoyote, na viatu tukavipaka Kiwi isiyo Kiwi. Landrova imekwisha kuingia katika lugha, na hakuna aliyeanguka kwa sababu hiyo. Linalotakiwa ni mwalimu kumwambia mtoto, siku ya kwanza, kwamba hili ni jina la kiwanda na hili ni jina la kifaa. Wala asifanye kosa la kinyume, la kutafsiri jina la kiwanda. Apple ni Apple, si Tofaa, kama vile Bwana Simba haitwi Mr Lion akifika London. Lugha za programu nazo zina mitego yake. Python haikupewa jina la chatu: Guido van Rossum, aliyeitoa mwaka 1991, aliichukua kutoka kwa kikundi cha wachekeshaji wa Uingereza. Java, kinyume chake, kweli ni kahawa, na mtoto wa mkulima wa kahawa chini ya Rwenzori anastahili kuambiwa hivyo, maana atalikumbuka mpaka siku ya mtihani.

Sasa nije kwenye alama, maana hapa ndipo penye kiini cha ugomvi wangu.

Alama hii (#) Watanzania wameipa jina la reli, kwa sababu imefanana na vyuma na mataruma yake. Ni jina zuri mno. Mji wa Kasese wenyewe ulipata reli mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na ingawa treni haziji tena, mtoto wa Kasese hahitaji kuchorewa reli ni kitu gani. Basi mwanafunzi alipoiona lugha ya programu iitwayo C# akasoma “si reli”. Wakamcheka tena. Msomi anayemcheka na atuambie Waingereza wenyewe wanaiitaje. Uingereza huiita hivi, Marekani huiita ratili, ilhali ratili ya Mwingereza, ile ya fedha, ni alama nyingine kabisa (£). Na katika C# husomwa kwa jina la tatu, la noti ya muziki iliyopandishwa, ingawa alama halisi ya muziki (♯) si hiyo. Majina matatu kwa mistari minne! Na ile alama ya anwani za barua pepe (@), ambayo Ray Tomlinson aliiteua mwaka 1971, Mwitaliano huiita konokono na Mholanzi huiita mkia wa nyani. Hakuna aliyetangaza kuwa Kiholanzi kimeshindwa na kompyuta.

Hata hivyo, kuna aibu iliyo yetu, nayo haitoki nje. Fungueni vitabu vyetu vya sarufi. Alama hii (:) kitabu kimoja huiita koloni, kingine nukta pacha, kingine nukta mbili. Hii (;) ni nusukoloni, au semikoloni, au nukta mkato. Hizi (“ ”) ni alama za mtajo, za usemi, za kunukuu, za dondoo. Huu (/) ni mkwaju kwa huyu na mshazari kwa yule. Katika insha uzembe huo hauui mtu. Mwanafunzi akiiacha nukta mkato, msahihishaji hukata alama nusu na maisha yakaendelea. Katika lugha kama C au Java, nukta mkato moja ikikosekana mwisho wa amri, programu nzima hugoma. Na neno koloni lenyewe! Msichana mmoja alipoambiwa “weka koloni hapa” aliuliza kama hatukuziondoa mwaka 1962. Nusukoloni sijui tungemweleza ni nchi gani. Mimi nashikilia nukta pacha na nukta mkato, kwa sababu ukiyasikia majina hayo mkono wako wajua la kuandika.

Huku Bwera jambo hili lina uzito kuliko Kampala, kwa kuwa tunaishi mpakani. Ng'ambo ya mto Lhubiriha shule hufundisha kwa Kifaransa, na watoto huvuka na daftari zao. Aliyesomea kule huandika mbili na nusu kwa mkato: 2,5. Katika Python amri print(2,5) haitoi mbili na nusu; hutoa namba mbili, 2 na 5. Kibodi za Kifaransa nazo zimepangwa vingine: A imekaa mahali pa Q, Z mahali pa W, na pale ambapo kidole chetu hutafuta nukta mkato pamekaa M. Nimeona ukurasa mzima ambao kila mstari umeishia kwa m. Mtoto huyu hakukosa akili. Amesimama kati ya lugha mbili za kigeni zinazovutana, na lugha pekee anayoshirikiana na jirani yake wa Kasindi, ukiacha Kikonzo na Kinande ambazo ni ndugu, ni Kiswahili. Sasa waniambie tena kwamba hicho ndicho cha kuondolewa darasani.

Kuhusu jina la mashine yenyewe sitapoteza wino mwingi. Tarakilishi limetungwa kwa ustadi, ngamizi lilikuwa na watetezi wake, kompyuta ndilo watu wasemalo. Tuandike kompyuta. Nguvu zilizotumika kubishana juu ya kipanya na puku zingetosha kuzipa alama zote za kibodi majina. (Mwalimu wa ushairi nampa zawadi ndogo: baiti moja ina biti nane, sawasawa na mizani za kipande kimoja cha mshororo wa shairi. Atumie.)

Katiba yetu ilikiweka Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, mtaala mpya wa sekondari ya chini ukakiingiza darasani mwaka 2020, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe. Visingizio vya sheria vimekwisha. Naitaka halmashauri ya chama chetu itoe, kabla ya muhula ujao, karatasi moja tu yenye alama zote za kibodi, kila moja na jina moja, na kipindi cha kwanza cha kompyuta katika kila shule apewe mwalimu wa Kiswahili, chaki mkononi, mashine zikiwa bado zimezimwa. Mapendekezo yangu ni reli, mkwaju, nukta pacha, nukta mkato, mabano, nyota. Ile ya mkwaju uliolalia nyuma (\) bado sijaipatia jina la kuniridhisha, na anayelo na alilete.