Ngoma ya Siku Mbili

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Juu ya mcheza kwa watu hawakusema neno, kwani hawakudhani itafika siku mtu atoe fedha zake akacheze ngoma isiyo yake, baina ya Ijumaa jioni na Jumapili adhuhuri, kisha Jumatatu arudi kazini na cheti mkononi. Siku hiyo imekwishafika, na niyasemayo si ya kuhadithiwa.

Nilipokuwa masomoni Uingereza, sahibu yangu mmoja, mwenyeji wa kule, alinialika katika kambi ya kujifunza ngoma na dansi za Afrika Magharibi, kwenye shamba moja la Devon. Tulikuwa watu ishirini hivi: walimu wa skuli, wauguzi, mwanasheria mstaafu. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Conakry, fundi khasa wa djembe, ile ngoma ya gogo la kuchongwa na ngozi ya mbuzi, ya watu wa Mande walioko Guinea na Mali. Mswahili akilisikia jina hilo hukumbuka jembe la kulimia, na kwa sadfa hakosei sana: kassa, mmoja wa midundo yake, hupigiwa watu walio shambani ili kazi isiwalemee.

Sitawasingizia wenzangu wale. Walikuwa watu wapole, na walipiga kwa bidii mpaka viganja vikavimba. Shida ilikuja Jumapili asubuhi. Ratiba ilituandikia dansi ya moribayassa. Mwalimu aliiweka ngoma chini, akaanza kutueleza. Hajamaliza hata sentensi ya pili, mwenye kambi akatazama saa yake, akasema kwa adabu kuwa muda ni mchache, hadithi tutaisikia wakati wa chakula. Mwalimu akatabasamu, akaichukua ngoma yake. Chakula kilipofika, hakuna aliyekumbuka kuuliza.

Mimi nilimuuliza, tulipokuwa tukiosha vyombo. Moribayassa, alinambia, ni ngoma ya nadhiri. Mwanamke aliyefikwa na jambo zito, pengine amekosa mtoto miaka mingi, huweka nadhiri kwamba akijaaliwa ataicheza. Akijaaliwa, huvaa matambara, akakizunguka kijiji akiimba na kucheza, wapigaji nyuma yake. Akimaliza, huzizika zile nguo. Huicheza mara moja tu katika umri wake. Mamady Keïta, bingwa wa djembe aliyezaliwa kijiji cha Balandugu na kufariki mwaka 2021, aliwasimulia wanafunzi wake khabari hiyo hiyo. Basi sisi ishirini, tusio na nadhiri wala matambara, tuliicheza mara nne kabla ya chai.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu. Sigombi na rangi ya mikono iliyopiga, maana ngozi ya mbuzi haiulizi kabila la kiganja. Nagombana na ile saa. Nagombana na dhana kuwa mdundo ndio ngoma, na kuwa jina, wimbo na sababu yake ni mapambo ya kusimuliana mezani, nafasi ikipatikana.

Nitajibiwa kuwa wenyewe ndio walioitoa ngoma hiyo kijijini. Ni kweli, na asiyeikubali kweli hii asishike kalamu. Fodéba Keïta aliunda Les Ballets Africains mjini Paris mwanzoni mwa miaka ya 1950, akaichukua midundo ya kukesha akaitia katika dakika chache za jukwaa. Guinea ilipopata uhuru mwaka 1958, kundi hilo likawa la taifa, na serikali ya Sékou Touré ikawakusanya wapigaji na wachezaji hodari kutoka vijijini. Mamady alichukuliwa angali kijana mdogo. Fodéba mwenyewe, aliyepata kuwa waziri, aliuawa mwaka 1969 katika gereza la Camp Boiro, mikononi mwa serikali ile ile aliyoitumikia. Sékou Touré akafariki mwaka 1984, na katika miaka iliyofuata mafundi wengi walikwenda kutafuta riziki ng'ambo. Mamady akafungua skuli yake mjini Brussels mwaka 1991.

Kwa hiyo djembe haikufika Devon kwa wizi wa usiku mmoja. Ilipita jukwaani, ikapita ikulu, na mmoja wa walioibeba akaishia gerezani. Lakini tazameni tofauti. Fodéba aliwaketisha watu watazame, hakuwapa vyeti. Mamady alifundisha mdundo pamoja na jina lake, kwao ulikotoka, na shughuli yake. Mwanafunzi aliyekaa miaka kwa fundi wa namna hiyo hujua kuwa soli ni ya jando, na kuwa dununba ni ngoma ya wanaume wenye nguvu. Zaidi ya hayo, hujua kiasi gani hajui. Kambi ya siku mbili humnyima mtu elimu hiyo ya mwisho, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote.

Nitajibiwa tena kuwa kambi humlisha mwalimu. Naam, humlisha. Lakini humlipa mikono, ulimi haumlipi. Ikiwa kweli wamempenda, wampe saa nzima ya kusema kabla ya saa moja ya kupiga. Wafundishe mdundo mmoja badala ya sita, na maneno ya wimbo wake, na tafsiri yake. Vyeti wavichome. Na zile ngoma ambazo mtu huzicheza mara moja katika umri wake waziache mahali pake, hata kama zinapendeza. Na khasa kwa kuwa zinapendeza.

Na sisi watu wa visiwani tusicheke. Kwetu neno ngoma ni chombo, ni mchezo, na ni shughuli yenyewe. Lugha imekataa kuvitenga, sisi ndio tunaovitenga. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliupiga msondo mbele ya hadhara za mbali, lakini alikuwa somo, amekwisha kuwacheza wanawali kabla ya kupanda jukwaa. Nani atakayepanda baada yake akiwa na wanawali nyuma yake? Nimekwenda katika hoteli za pwani yetu nikamkuta mgeni akipigiwa djembe, ati ndiyo ngoma ya hapa, na msewe wa Pemba hauna wa kuuliza. Tumemwazima mtu wa Conakry chombo chake bila ya kumwomba, tukakifunika chetu. Kesho atatokea mwenzetu mmoja atakayetangaza unyago wa siku mbili kwa wageni, chakula cha mchana kimo katika bei. Bibi mmoja ataanza kueleza maana yake, na mwenye kutazama saa atakuwa mmoja wetu.

Ngoma ina wenye nayo, si mlio peke yake,
Ina siku ichezwayo, na mwali na somo yake,
Basi kila uchezayo, uliza na jina lake,
Mkopaji akumbuke, deni lina siku yake.