Nani Anapewa Jembe?

Nina ugomvi na maneno mawili: familia mwenyeji. Yamo katika kila kipeperushi cha vyuo vinavyopeleka wanafunzi nje, pembeni mwa picha ya watu wanaocheka mezani. Na mimi nimekaa pande zote mbili za meza hiyo. Nimekulia Ng'ambo, Unguja, katika nyumba iliyopokea wanafunzi wa Kimarekani waliokuja kujifunza Kiswahili. Mwaka 2023, kabla ya shahada ya uzamili ninayosoma sasa Ujerumani, niliishi na familia ya Kijerumani kama au pair, yaani kijana anayelea watoto wa watu kwa chumba, chakula na posho. Pande zote mbili tuliitwa familia. Pande zote mbili aliyepika, aliyefua na aliyepiga deki alitoka nyumbani kwetu.

Tuanze Ng'ambo. Programu ilileta orodha: mgeni awe na chumba chake, mlango wenye kufuli, chandarua, maji ya kunywa yaliyochemshwa. Chumba chake kilikuwa chetu. Mimi na wadogo zangu tulihamia ukumbini na godoro moja. Mama aliamka alfajiri kusukuma chapati, akajifunza kupika bila pilipili, na kwa mmoja asiyekula nyama wala samaki akajifunza kupika upya kabisa. Sitausahau mwezi wa Ramadhani. Saa saba mchana, jua la kupasua kichwa, mama amefunga, yuko jikoni anampikia mtu mmoja chakula cha mchana. Hakuna aliyemlazimisha. Mgeni yule hafungi, na kwetu mgeni haachwi na njaa. Ukarimu huo sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na ofisi iliyoukuta ukarimu huo, ikaufurahia, kisha ikauingiza katika bajeti yake kama kitu cha bure.

Bahasha ilikuja kila mwisho wa mwezi, ni kweli. Ilikuwa ya mchele, mafuta, mkaa na samaki. Saa za mama hazikuwemo.

Mwisho wa muhula mgeni alijaza fomu kutuhusu sisi: chakula, usafi, ukaribu wa familia, kwa alama kuanzia moja hadi tano. Mama yangu, mwanamke aliyelea watoto wanne, alisahihishwa upendo wake kama mtihani wa darasa la saba. Fomu ya kumuuliza yeye kuhusu mgeni haikuja hata siku moja. Ingekuja, angekuwa na la kusema kuhusu yule aliyeanika chupi zake barazani, mbele ya babu na wenzake wanaocheza bao.

Wahenga walikwisha kulimaliza jambo hili: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu husoma methali hiyo kama njia ya adabu ya kumfukuza mtu. Mimi naisoma kama njia ya kumwingiza ndani. Mwenye jembe ni wa nyumba, anaweza kutumwa dukani, anaweza kugombezwa. Kwetu walipita watu walioitwa "mwanangu" kwa miezi minne bila kusugua sufuria. Na haikuwa uvivu wao wote. Msichana mmoja alichuchumaa kabisa penye karai la vyombo, mama akamnyanyua: "Acha mwanangu, utachafua nguo." Fomu ilikuwa inakuja, na mama alikuwa anaijua.

Mimi jembe nilipewa siku ya pili. Nilifika Jumapili, Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa nakata tufaha za watoto wawili wa kupeleka chekechea. Utaratibu wa Ujerumani unaruhusu au pair afanye hadi saa 30 kwa wiki, na posho ni euro 280 kwa mwezi. Gawanya mwenyewe: ni euro mbili na kitu kwa saa. Kima cha chini cha mshahara mwaka ule kilikuwa euro 12 kwa saa, lakini hakimhusu au pair, kwa sababu kisheria hahesabiwi kuwa mfanyakazi. Ongeza thamani ya kitanda, chakula na bima. Nimeongeza, hesabu bado haifiki. Jina lenyewe ni la Kifaransa na maana yake ni kwa usawa. Mkataba wa Ulaya wa mwaka 1969, uliotiwa saini Strasbourg, ulimweka au pair katika fungu la peke yake, si mwanafunzi wala mfanyakazi.

Walikuwa watu wema, nisiwasingizie. Walinipeleka kuiona bahari ya Baltiki, wakanioka keki siku ya kuzaliwa kwangu. Lakini mama wa nyumba aliniambia "wewe ni mmoja wetu" Jumamosi moja jioni, amekwisha vaa koti, saa zangu za wiki zimekwisha, na watoto bado hawajalala. Mfanyakazi angetaja saa. Ndugu anatajaje?

Utaniambia pesa inaharibu ukarimu. Pesa imo tayari, msomaji. Mwanafunzi amelipa ada ya muhula, shirika la ndege limelipwa, profesa amelipwa, na meneja wa ofisi ya mjini pia. Inapofika kwenye mlango wa jiko la mama yangu ndipo pesa inapogeuka aibu.

Utaniambia pia kwamba nilikwenda kwa hiari yangu. Nilikwenda, kwa sababu mlango mwingine ulikuwa na kufuli. Tangu Septemba 2024 anayeomba viza ya kusoma Ujerumani kwa fedha zake hutakiwa kuonyesha euro 11,904 katika akaunti iliyofungwa, zaidi ya shilingi milioni 30. Hata kabla ya hapo kiwango hakikuwa cha mtu wa kwetu. Mimi baadaye nilipata udhamini. Wenzangu wengi wa darasa la Kijerumani, mabinti wa Kenya, Madagascar na Colombia wenye shahada zao, hawakupata, na bado wanakata tufaha.

Wapo watakaonikumbusha kwamba wazo lenyewe ni jema. Najua. Mwaka 1932 Mmarekani Donald Watt alianzisha The Experiment in International Living akiamini kwamba vijana wa mataifa wakiishi pamoja watachukia vita. Sitaki life. Nataka saa za mama ziandikwe na zilipwe mbali na pesa ya mchele. Mgeni aoshe vyombo kuanzia siku ya tatu, na hilo liwe katika masharti yake, ili mama asiogope kumwachia karai. Fomu ziwe mbili. Na au pair aitwe mfanyakazi, kisha wampende kama wanataka.

Mdogo wangu ana miaka 19 na ameanza Kijerumani. Juzi alinitumia picha ya familia iliyomkubali, mbwa wao akiwemo. Sikumwambia asiende. Nilimwambia awaandikie kwanza kuuliza Jumamosi jioni ni ya nani. Bado hajajibiwa.

Na ofisi imemwomba mama apokee wanafunzi wawili Juni ijayo. Ana magoti mabovu sasa. Alinipigia nimsomee mkataba, maana umeandikwa kwa Kiingereza: kurasa tatu za haki za mwanafunzi, nusu ukurasa wa wajibu wa familia. Nikamwambia adai malipo ya kazi yake. Akacheka.

"Nitawaambiaje watu nataka kulipwa kwa kumpikia mtoto?"

"Mtoto gani, mama?"

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema nimwandikie swali moja kwa Kiingereza, alipeleke ofisini Jumatatu: mashuka atafua nani?