Usonji: Wazazi waonyeshwe njia mapema

KILA mwezi akina mama jijini Dar es Salaam hupanga foleni katika kliniki za mama na mtoto. Mtoto hupimwa uzito, hupewa chanjo, kadi hujazwa, na mama hurejea nyumbani. Iwapo hataulizwa kama mtoto hugeuka anapoitwa jina, au kama huonyesha kwa kidole kitu anachokitaka, dalili za mwanzo za usonji huweza kupita bila kutambuliwa.

Usonji ni hali inayotokana na tofauti katika ukuaji wa ubongo, nayo huathiri mawasiliano na uhusiano wa mtoto na wenzake. Wapo wasiozungumza kabisa, na wapo wanaozungumza vizuri lakini hawastahimili kelele au mabadiliko ya ghafla. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na hali hiyo.

Hali hiyo haiambukizi, si laana, wala haitokani na malezi mabaya. Chanjo nayo haihusiki. Utafiti wa mwaka 1998 uliozusha hofu hiyo nchini Uingereza ulifutwa na jarida la Lancet mwaka 2010.

Hata hivyo, mzazi ambaye mtoto wake ametimiza miaka mitatu bila kusema huambiwa na majirani asubiri, kwamba watoto wa kiume huchelewa. Mwingine huelekezwa kwa mganga. Hivyo ndivyo inavyopotea miaka ambayo mtoto angefaidika zaidi na mafunzo.

Kwa upande wa sheria, Tanzania imepiga hatua. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto mwenye ulemavu kupata elimu sawa na wenzake, na shule za msingi za serikali hazitozi ada. Aidha, Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, wilayani Ilala, ina kitengo cha wanafunzi wenye usonji.

Lakini vitengo vya aina hiyo ni vichache. Mzazi anayeishi Mbagala au Bunju hulazimika kupanda daladala na mtoto asiyevumilia msongamano, na pengine kumsubiri hadi masomo yaishe. Ada iliyofutwa humrudia kwa sura ya nauli na siku ya kazi iliyopotea.

Nchini Kenya, wazazi waliounda chama chao mwaka 2003 walishirikiana na Wizara ya Elimu kufungua kitengo cha usonji katika Shule ya Msingi ya City, Nairobi. Wazazi wakiungana, serikali husikia.

Kwa Dar es Salaam, hatua ya kwanza haihitaji majengo mapya. Inahitaji muuguzi wa kliniki anayeuliza maswali mawili, rufaa ya kumpima mtoto uwezo wa kusikia na ukuaji wake, na walimu waliopata mafunzo katika shule zilizo karibu na makazi. Bila hayo, Siku ya Usonji Duniani, inayoadhimishwa kila Aprili 2 tangu mwaka 2008, itabaki kuwa siku ya hotuba.